Siku Sita Bila Tukiran

Jumatatu, 3 Septemba 2012

Kompyuta haiwaki. Nimebonyeza kitufe — kimya. Nimehamia tundu jingine la umeme, nikautumia waya wa skrini yangu — kimya vilevile. Na saa kumi Tukiran ataketi kwake mjini Kediri kusubiri nicheze. Miaka minne sasa, kila siku saa kumi. Sataranji kidogo, maneno mengi. Hatujawahi kuonana.

Leo amesubiri bure.

Jumanne, 4 Septemba

Nimeifungua ubavuni kwa bisibisi ya cherehani ya marehemu mke wangu Ngatinah. Vumbi! Blanketi zima. Nimelipuliza mpaka nikakohoa. Nimefunga, nimebonyeza — wapi!

Mchana nikaenda duka la intaneti. Binti wa pale akaniambia niandike neno la siri. Nani analijua? Mashine ndiyo ilikuwa inanikumbukia. Nikajaribu jina la mke wangu. Mwaka wa ndoa. Jina la paka. Akasema kwa upole, Babu, akaunti imejifunga, hapa kwetu basi tena.

Namba ya simu ya Tukiran sina. Ya nini, tulisema, sisi wawili masikio yamekwisha!

Wali nimeula nimesimama.

Jumatano, 5 Septemba

Leo sijaongea na mtu. Nimejaribu kukohoa tu nisikie kama sauti ipo.

Alhamisi, 6 Septemba

Nimeifunga kompyuta kwenye kikoi, nikaipakia kwenye becak, baiskeli ya kubeba watu, dereva akakanyaga pedali taratibu mpaka sokoni kwa Sulastri. Fundi mwanamke, miaka hamsini hivi, bisibisi juu ya sikio.

"Umeilisha nini hii, Mzee?"

Akafungua kisanduku cha umeme. Mjusi kafiri! Mkavu kama dagaa.

"Huyu ndiye mpangaji wako. Kaja kuota moto, kaivia humo humo."

Akacheka. Nikacheka na mimi — nikashtuka mwenyewe. Akasema atatafuta kisanduku kingine. Jina nani, niandike? Wasis, nikamwambia.

"Wasis! Si wewe Mzee wa Solo, wa nyuma ya kiwanda cha batiki? Kumbe una jina!"

"Ninalo."

"Sasa utajulikanaje, Mzee, na hata salamu hutoi? Unapita kama mtu anayefukuzwa."

Nikakunja kikoi changu. Mtaa huu ulikuwa wa Ngatinah. Nilihama Solo kwa ajili yake, akaniacha humu.

Ijumaa, 7 Septemba

Kisanduku kipya kimewekwa. Feni inazunguka! Lakini skrini giza, na mashine inalia — pii, pii, pii. Sulastri akachomoa kipande cha memori, akakisugua meno kwa ufutio wa wanafunzi. Akakirudisha. Pii, pii, pii.

Nikamweleza kuhusu Tukiran. Sijui kwa nini. Akaacha kusugua, akanitazama. Akasema, kesho asubuhi, Baba, nitaazima kipande kingine. Na uende ukale.

Kaniita Baba.

Jumamosi, 8 Septemba

Imewaka! Sulastri akaunganisha intaneti ya dukani kwake. Ujumbe kumi na mmoja, wote wa Tukiran.

Jumatatu: umelala, mvivu wewe? Jumanne: umeogopa kufungwa. Jumatano: Wasis, Jumapili uliniambia kifua kinabana, nijibu basi. Ni kweli nilimwambia. Hata humu sikuandika. Jumatano hiyo hiyo, mara nne: nijibu. Wa mwisho, Alhamisi usiku: kesho napanda treni kuja Pekalongan. Nyuma ya kiwanda cha batiki, ulisema; nyumba siijui, nitauliza.

Kesho yenyewe ilikuwa jana!

Kompyuta nimeiacha pale pale. Nimekimbia — miaka sabini na moja! — mpaka mtaani. Karsinah anauza tempe, vipande vya soya, mlango wa tatu kutoka kwangu. Nikamuuliza, umemwona mzee mgeni?

"Yule wa begi? Anazunguka tangu jana, anamtafuta sijui Wasis gani. Tumemwambia hapa hakuna mtu wa jina hilo."

"Wasis ni mimi."

"Wewe?" Akashika mdomo. "Astaghafirullah, Mzee! Kalala msikitini. Asubuhi kaenda hospitali, jina hakulikuta. Kapita hapa sasa hivi. Kasema kumebaki kuangalia makaburini."

Nipo kwenye lango la makaburi. Nimekaa ukutani, nimetoa daftari mfukoni, naandika nipate pumzi. Mle ndani kuna mzee, mfupi kuliko nilivyodhani, begi mgongoni. Anainama kwenye makaburi mapya, anasoma jina, anapangusa udongo kwa kiganja, anakwenda kwenye linalofuata. Amebakiza safu mbili afike kwa Ngatinah.

Nimwiteje? Nikiita ghafla, atakufa yeye kwa mshtuko! Nikohoe kwanza? Niseme —

Amesimama. Ametazama huku.