Anwani Nyuma ya Pakiti

Jumatatu, 4 Machi
Duka la nne leo. Mwenye duka hakufungua hata pakiti ya krispi zetu za viazi. Aliigeuza, akatazama nyuma, akanirudishia. Eti maandishi si ya lugha ya nchi hii. Mbele kuna picha ya kiazi kinacheka, jamani! Kicheko nacho kinataka mkalimani? Lakini sheria ni sheria: viungo vyote, vile vinavyodhuru wenye mzio, uzito, tarehe ya mwisho. Nikasema asante. Ndilo neno pekee nililomwambia mtu leo.
Chakula cha jioni: krispi za sampuli. Tena.

Alhamisi, 7 Machi
Majibu ya maabara. Tumefeli!
Dada wa maabara alinieleza taratibu, kama mgonjwa. Krispi zetu zina weusi mno, na kiazi kikikaangwa hadi hapo hutoa kemikali ambayo hapa ina kiwango chake. Nikamwambia mkaangaji ni Mama, na Mama hajawahi kuunguza kitu. Akauliza viazi tunaviweka wapi. Chumba cha baridi, nikasema, kifua mbele. Akatikisa kichwa — ndipo kosa lilipo. Kiazi kikikaa kwenye baridi kali hujaa sukari, na sukari ndiyo inayowahi kuungua. Kumbe! Tunakitunza kama bibi harusi, kumbe tunakiharibu.
Nimemwandikia Kaka: toa viazi kwenye baridi. Tafuta chumba chenye giza, kikavu, kinachopitisha hewa. Kaangeni upya, rangi isipite dhahabu. Leteni kwa ndege.
Mwagizaji, mzee mwenye bohari, ndiye pekee aliyekubali kutujaribu. Kasema tukifeli tena, basi. Na akikataa yeye, Kaka anafunga karakana yetu ya krispi, wasichana wote tuliowaajiri wanarudi kwao. Tukipita, mimi nakata tiketi. Ndivyo tulivyoagana na Kaka: soko likipatikana, narudi nyumbani.

Jumapili, 10 Machi
Jumapili za hapa haziishi. Mama mwenye nyumba, wa ghorofa ya juu, anatembea juu ya kichwa changu toka asubuhi. Viatu vyake navijua vyote kwa mlio, uso wake sijauona wiki nzima.
Nimepiga nyumbani. Kelele! Walikuwa wanakula. Simu ikapita mkono kwa mkono — shikamoo, marahaba, ngoja nikupe fulani — mwisho ikawekwa mezani ikasahauliwa. Sikukata. Nikawasikiliza wakigombania ukoko mpaka salio likaisha. Nikalia. Mtu mzima mimi!
Kaka alinichagua kuja huku, mbele ya wote: wewe huna mume wala mtoto, huna wa kukulilia. Alisema kwa nia njema. Kaka yangu akiwa na nia njema, kimbia.

Jumatano, 27 Machi
TUMEPITA!! Niliruka palepale kaunta. Dada wa maabara akacheka, akanipa mkono. Nilitaka kumkumbatia, nikaogopa.
Nikatembea natafuta wa kumwambia. Nikamwambia muuza mkate. Akauliza, mmoja au miwili?
Mama anasema krispi zimepauka kama mtu aliyetoka homa, aibu kuziuza. Kigelegele kapiga hata hivyo. Nimeshusha begi toka juu ya kabati.

Ijumaa, 29 Machi
Nimemuuliza Wifi, mke wa Kaka: hivi viazi mliviweka wapi hatimaye?
Akajibu: "Chumbani kwako, wifi yangu. Pale nyuma jua halifiki, hewa inapita. Kaka yako anasema chumba chako kimetuokoa."
Kitanda? Kapewa mlinzi. Nguo? Kwenye mifuko, kwa Mama. Walikuwa wanangoja wakati mzuri wa kuniambia.
Na nani aliandika? Mimi! Giza, kikavu, kinachopitisha hewa. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimekasirika. Viazi, Wifi anasema, havijawahi kuwa vizuri hivi.

Jumanne, 2 Aprili
Bohari. Mwagizaji yuko tayari kusaini. Limebaki moja: nyuma ya pakiti lazima liwepo jina na anwani ya mtu aliyeko nchini humu, wa kuwajibika. Nilidhani ni yeye. Akacheka mpaka akakohoa. Jina lake haliweki kwenye kiazi cha mtu asiyemjua, labda mwakani. Weka lako, kasema. Si unakaa hapa?
Na si jina tupu. Mtu mwenyewe awepo. Mkaguzi akigonga, afungue. Mlaji akiumwa tumbo, ajue pa kwenda. Hebu fikiria! Katika mji huu mzima, mgeni wangu wa kwanza atakuwa mwenye tumbo linalomsokota.
Nikampigia Kaka. Furaha ilimzidi, hakunisikia. Mwaka mmoja tu, mdogo wangu, haraka ya nini? Nikasema uliniahidi. Akasema, sasa urudi wapi — akajizuia. Akasema maana yake kazi itasimama.
Mama akachukua simu. Akauliza kama nakula. Nikasema nakula. Akasema, sauti chini, nguo zangu anazianika juani kila wiki zisipate uvundo.

Jumatano, 3 Aprili
Mchapaji wa pakiti anataka maneno kamili kabla ya saa sita. Akikosa leo, anachapa kazi ya mwingine, na mwagizaji hangoji.
Wifi katuma picha. Wasichana wameshavaa aproni, wanacheka. Mama kasimama pembeni, hatazami kamera.
Jina nimeandika. Mtaa nimeandika, nikafuta, nikaandika.
Mchapaji kapiga. Nikamsomea herufi kwa herufi. Akauliza: hii ni anwani ya kudumu? Sheria inataka ya kudumu.
Nikamwambia asubiri, natafuta kalamu. Kalamu ninayo mkononi. Bado yuko kwenye simu, nasikia mashine ikinguruma nyuma yake, anaita halo, halo, dada, upo hapo —