Mto wa Baiskeli Una Mwenyewe

London, siku ya mvua kama zilivyo zote

Kaka yangu Wandera,

Pokea salamu za mdogo wako Ouma, ambaye ni mzima isipokuwa vidole, maana baridi ya huku haina adabu. Mkeo na watoto hawajambo hapo Bulumbi? Na nyonga ya Mama imetulia? Niandikie habari ya hiyo nyonga kabla ya habari nyingine yoyote.

Kaka, barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikaogopa. Unataka nikutafutie patenti, ile hati ya serikali inayosema kitu hiki amekibuni fulani na mwingine asikitengeneze bila ruhusa yake. Unaitaka kwa ajili ya mto wa kukalia ulioufunga nyuma ya baiskeli yako ili abiria unaowavusha pale mpakani wasiumie. Ukiipata, umshtaki Othieno, mume wa dada yetu Nabwire, kwa kuwa naye anabebea watu juu ya mto pale Malaba. Na umeapa kwamba asipoufungua, hutakanyaga kwao Paya siku ya ubatizo wa mtoto wao. Mtoto mwenyewe wamempa jina lako! Hapo ndipo nilipoogopa.

Ni kweli umemwomba mtu anayeujua mlango. Kazi yangu ni kubeba mafaili katika ofisi inayowaandikia watu maombi ya hati hizo. Lakini usidhani ni mahali pa heshima sana. Mafaili yanazaana kuliko sungura. Yamejaa makabatini, yamejaa ngazini, na tangu mwezi jana choo cha wageni kimekuwa stoo. Kuna bwana aliyepewa hati ya kijiko chenye pangaboi dogo la kupoza supu. Akaja mwingine na kijiko kilekile, ila pangaboi liko kushoto, naye akapewa. Kuna na kampuni kubwa iliyochukua hati ya mashine bila nia ya kuitengeneza, ili tu mwingine asiitengeneze. Mtu amekaa juu ya kisima, hanywi wala hanyweshi.

Basi Jumatatu nilimweleza mkubwa wangu habari zako. Ni mzee mwenye masharubu ya manjano kwa tumbaku.

"Huo mto nani amekwisha kuuona?" akauliza.

Nikamsomea barua yako kwa fahari. Jinsi ulivyofuata utaratibu wetu wa nyumbani, ukaupeleka sokoni Busia, ukamwita mwalimu wa kanisa na mzee wa kijiji, kila mtu akaukalia kwa zamu ili awe shahidi. Uliandika kwa Kiswahili chako cha mpakani: "Hata forodha ya Kenya nakalia, forodha ya Uganda nakalia, wote nasema hii ni ya Wandera kabisa." Othieno mwenyewe aliukalia mara mbili.

Mkubwa wangu akashika kichwa. "Ameua kila kitu," akasema. "Hati hupewa kitu ambacho watu hawajakiona."

Nilibishana naye mpaka chai ikapoa. Kwetu kitu ni chako kwa sababu watu wamekiona. Ng'ombe asiyeonwa na mtu ni ng'ombe wa wizi! Huku ukikionyesha, umekipoteza. Nilikasirika kwa ajili yako, Kaka, nakwambia kweli.

Nikachukua fomu hivyohivyo, kwa ubishi. Swali la kwanza: mbunifu wa kweli na wa kwanza ni nani? Nikaandika "Wan", kalamu ikasimama.

Nilikumbuka mwaka ule Mama alipoanguka na mtungi, akashindwa kutembea kwenda kanisani. Alijaza sufi katika gunia, akalishona kwa kamba ya mkonge, akalifunga kwenye baiskeli ya marehemu Baba. "Wandera, endesha polepole," alisema, "mimi si pamba ya kupeleka sokoni." Wewe ukaendesha, mimi nikashika nyuma. Na Nabwire alipoolewa, Mama alimshonea mto wake aende nao Paya. Ndio huohuo Othieno anaoutumia, nawe unataka aufungue!

Basi nimefuta "Wan" nikaandika jina la Mama. Fomu haitafika popote, lakini nimeitia humu. Msomee mbele ya watu, kwa kuwa unapenda mashahidi. Kwa sheria ya huku, wewe na Othieno nyote ni wezi, na adhabu naitoa mimi: siku ya ubatizo Mama aende Paya kwa baiskeli. Wewe umpeleke, Othieno amrudishe, kisha Mama mwenyewe aseme nani hakumtikisa.

Nisalimie mkeo, mwalimu wa kanisa, na wale mashahidi wako wawili wa forodha. Mbusu mtoto mwenye jina lako. Na mkifika kwa Othieno, usiseme neno la kesi. Mshushe Mama taratibu mlangoni, umwambie shemeji, "Mwenye mto amefika."

Ni mimi nduguyo, niliyeshika nyuma,
Ouma