Dagaa Juu ya Sola

Mjukuu wangu Pili,

Nakusalimu kutoka huku Karema. Sote wazima, mama yako mdogo amepata mtoto wa kike. Goti langu usiliulize.

Unauliza boti ya tanga mnayounda huko iwekewe nini cha kuleta umeme, sola au pangaboi la upepo. Wekeni vyote, maana upepo una siku zake. Miaka ya tisini mgeni mmoja alitia nanga hapa na boti yenye vyote viwili. Ziwa lilikuwa limetulia, pangaboi limeganda mlingotini. Betri yake imekufa, basi akailaza sola mchangani, akaiunganisha na redio, ikaimba.

Mama yangu akaja na beseni la dagaa. Kuona ubao mweusi umelala juani bure, akawaanika juu yake. Redio ikanyamaza.

"Mama, umefunika jua!" mgeni akacheka.

Mama akawazoa polepole. Redio ikaimba tena. Akainua macho kulitazama jua.

"Miaka yote nalitumia kukaushia samaki tu," akaninong'oneza, "kumbe lina sauti."

Kesho yake, kabla hajaanika, alilisubiri lichomoze milimani. Akapiga goti mchangani, akaliamkia: "Shikamoo."

Bibi yako