Saa Nane ya Mama Hamisi

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba. Bibi yako hajambo, mikorosho imechanua. Unasema programu yenu ya barua pepe inakosea saa, wenye nayo wanachelewa kuirekebisha, na unauliza: saa tu, ina ubaya gani?

Wakati wa vita vya Msumbiji nilikuwa karani wa posta hapa Newala. Ikaja telegramu: Hamisi, askari, anapita stendi kesho saa 8 akienda mpakani. Nikamwandikia mama yake, kule Chilangala, saa nane mchana. Jioni nikagundua ni saa za Kizungu, yaani saa mbili asubuhi. Niliona aibu kumwambia bosi. Nikanyamaza.

Kesho yake mama akafika na kuku wa kumpa mwanawe, gari la askari limeshapita.

"Baba, au nimechelewa mimi?"

Nikamjibu, "Ndiyo, mama. Umechelewa."

Babu yako