Nani Anampikia?

Shoga, nimeumbuka. Nimeumbuka mbele ya daktari!

Presha ya mama mkwe imepanda tena. Daktari akauliza, "Nani anampikia?" Mama mkwe akajibu kwa maringo, "Mkwe wangu, kwa mikono yake, bila chumvi."

Kwa mikono yake! Na wewe unajua kila siku nanunua mgahawani, namimina kwenye sufuria, najifanya nimepika.

Daktari akashika kalamu amwongezee dawa. Kalamu imeshagusa karatasi, shoga! Nikaropoka, "Usiandike! Chakula nanunua."

Akaiweka chini. "Basi dawa iko jikoni kwenu."

Tulipofika nyumbani, mama mkwe akaenda moja kwa moja jikoni.

Sasa hivi kaketi jikoni mbele yangu, kopo la chumvi kalipakata. Kasema neno moja tu: "Pika."