Namba ya Nyuma ya Gari

Shoga, nimekoswakoswa na gari sasa hivi! Kwenye kivuko cha pundamilia, mbele ya duka la dawa!

Gari la kusambaza mikate. Dereva simu sikioni, anacheka peke yake. Nimeruka kama mbuzi, kwa magoti haya haya! Halafu ati ananifokea: "Bibi, angalia unakokwenda!" Mimi! NIANGALIE!

Nikasema moyoni, leo umekanyaga mkia wa nyoka.

Taa zikamsimamisha pale mbele. Nyuma ya gari pameandikwa: "Dereva akikosea, piga namba hii." Nikapiga. Shoga, si nikamwona yule yule anapokea! "Haloo, ofisini hapa." Ofisini! Kumbe gari lake, ofisi yake, mlalamikiwa yeye, msikilizaji yeye.

Unanijua. Miaka ishirini na nane tumekaa wote swichibodi tukiunganisha simu za watu, nikimshika mtu kwenye laini hachomoki. Nikabana pua, nikawa mama mwenye hoteli ya vyumba mia mbili, nataka mikate kila asubuhi. Jamaa akalainika kama siagi: "Ndiyo mama, endelea mama." Taa ikawa kijani, hana habari. Honi zikalia nyuma yake. Askari wa barabarani huyoo, anakuja taratibu.

Nikasikia kioo kinagongwa. Naye: "Afande, subiri kidogo, naongea na mteja mkubwa."

Nikaachia pua.

"Mwanangu, mpe afande simu. Ni yule bibi uliyetaka kumgonga, na malalamiko yangu hata sijayaanza."