Maneno ya Jiwe la Idella

Kabla sijawawekea barua ya wiki hii, wasomaji wangu, kumbukeni kwamba mnashauriwa na mtu mwenye bahati. Nimepika kwenye matishali ya mizigo Mto Misisipi miaka ishirini na sita, nimekula kambare katika kila bandari yenye kikaango, na wanawake watatu walionikataa wote waliolewa na wabaya kuliko mimi. Shule niliiacha darasa la nane, mwalimu akashukuru. Lakini jikoni kwangu, kati ya kopo la pilipili na redio, kipo kitabu cha Bi Augusta Pell, na ukurasa wa kwanza ameniandikia kwa mkono wake: Kwa Buford Lasseter, aliyenichekesha siku niliyodhani sitacheka tena. Kila aliyewahi kunywa kahawa kwangu amekiona, atake asitake. Nani kati yenu anacho kama hicho? Basi. Barua hii hapa.

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba usome mpaka mwisho hata kama mwandiko huu unakuchosha, maana mwandiko huu ndio kosa lenyewe. Mimi ndiye niliyemtunza Bi Augusta Pell miaka yake tisa ya mwisho, nilimpikia, nilimchana nywele, nilimfungulia dirisha la upande wa mto kila asubuhi kwa sababu alisema riwaya zake zote saba ziliingilia dirisha lile, hata zile alizoziandikia Chicago alikokimbilia akiwa na miaka kumi na tisa na sanduku moja, hata ile iliyopata tuzo kubwa ikafanya watoto wa shule nchi nzima walijue jina la Tarrow Landing, mji wetu wenye duka moja. Aliporudi kwetu alikuwa mzee, mikono inatetemeka, kijiko hakifiki mdomoni sembuse kalamu, lakini watu waliendelea kuja, kwa mabasi, kwa magari, wengine kwa miguu kutoka nyuma ya kanisa la Wabatisti, kila mmoja na kitabu chake, nami nikawapa chai baridi barazani na kuviingiza vitabu ndani vitiwe saini, na siku moja akaniambia, "Ovella, andika jina langu wewe. Mkono wako ndio mkono wangu sasa."

Nikaandika jina, jina tu, na hapo sikuwa na kosa. Lakini sijui nikuelezeje mchana wa nyumba ile, mshauri, joto lilikuwa linalala sakafuni kama paka, mtini wa uani unanukia mpaka kwenye mashuka, na yeye amefumba macho kwenye kiti chake cha kubembea anasema sentensi polepole, hazikuwa za kitabu chochote, mara watu wanavuka mto kwa miguu, mara farasi amelala ndani ya kanisa na hakuna anayetaka kumwamsha, na mimi nimekaa karibu na kalamu mkononi nasikiliza, mpaka nikaona nimeandika zaidi ya jina, nimemwekea huyu neno, yule sentensi nzima, kana kwamba yanatoka kinywani mwake yakipitia kwangu, na sikuona kama ninaiba, niliona kama ninaota ndoto ya mtu mwingine.

Ndipo akaja Idella Tarpley, rafiki yangu, mke wa Roscoe aliyeendesha kivuko. Idella alikuwa ameisoma riwaya moja ya Bi Augusta, ile ya msichana wa taa ya kivuko, mara kumi na nne. Akaniambia pale mlangoni, "Ovella, muulize tu kama ananikumbuka. Tulikaa dawati moja." Nikaingia nikamuuliza. Bi Augusta akafungua jicho moja akasema, "Idella gani?" akalala. Nami nimesimama na kitabu mkononi, huku Idella anajipepea kwa kofia nje. Nikaandika: Kwa Idella, aliyejua kungoja. Kila mwanamke mwema niliyemwandika nilimwazima kwako. Nikampelekea, Idella akayasoma akiwa amesimama, halafu akakaa kwenye ngazi, akasema, "Kumbe alikuwa ananiona."

Unajua desturi yetu, mwenye maneno ya Bi Augusta kitabuni huchongewa maneno hayo kwenye jiwe la kaburi lake, na jina la Bi Augusta chini, na sasa mawe hayo ni kumi na manne, wageni huyapiga picha, wameyabatiza kitabu cha nane, na yupo profesa aliyesimama pale akawaambia wanafunzi wake kwamba hapa ndipo Augusta Pell alipoandika vizuri kuliko kote. Mshauri, yote kumi na manne ni yangu.

Idella alifariki mwezi wa tatu. Jiwe lake litachongwa Ijumaa na kufunuliwa Jumamosi, siku tunayoadhimisha miaka mia tangu Bi Augusta azaliwe. Roscoe amekuja kwangu, kofia kifuani, akasema, "Wewe ulikuwepo, shemeji. Bi Augusta alipoyasema yale maneno alitabasamu? Usiniambie mimi, waambie watu Jumamosi, nataka wote wasikie." Nikamwambia macho yangu yananisumbua, nikaingia ndani. Kunyamaza nimenyamaza kwa mawe kumi na manne na nilikuwa nakuweza, lakini kusimama juu ya Idella nikatoa uongo kwa sauti sitaweza, na kumnyang'anya Roscoe kile kitu kimoja alichobaki nacho pia sitaweza. Ukiona ninyamaze, itie barua hii motoni. Ukiona niseme, ichape. Wako, Ovella Gaines.

Dada Ovella,

Nimeichapa, kama unavyoona. Na kabla ya kuichapa nilikupigia simu nikakuambia nenda kwanza kwa Roscoe, ukanijibu, "Ichape, ndipo nitapata miguu ya kwenda." Naipenda akili yako lakini hapo umenichezea. Miaka tisa umeandika kwa jina la mtu mwingine, na sasa unataka mimi niseme kwa jina lako. Mimi ni mpishi wa matishali. Nimewahi kumpakulia nahodha supu ya jana nikaiita ya leo, lakini kuungama kwa niaba ya mtu sikufundishwa.

Kwa hiyo sikiliza. Gazeti hili hufika posta ya kwenu leo Alhamisi saa mbili asubuhi. Roscoe haoni vizuri, husomewa na mjukuu wake akitoka kazini saa kumi jioni. Una muda wa saa nane, na kutoka kwako hadi kwake ni mwendo wa kuvuta sigara moja. Usimpikie kitu. Ninyi watu wa Tarrow Landing mkiwa na habari ngumu mnaificha chini ya mkate wa mahindi, mtu anameza vyote viwili bila kujua kipi kimemkaba. Nenda mikono mitupu, na kalamu tu. Kaa mezani kwake, uandike tena maneno yale karatasini mbele yake, herufi kubwa, ayasogeze karibu na uso wake mpaka aujue mkono. Usianze kwa kulia. Ukilia, mzee wa watu ataanza kukubembeleza, nawe utatoka umesamehewa kwa jambo ambalo hajalisikia.

Halafu mwambie kile ambacho katika barua yako nzima hukukiona. Idella alisema, "Kumbe alikuwa ananiona." Aliyekuwa anamwona ni nani? Bi Augusta alifungua jicho moja akalala. Mtu aliyekuwa anamwona Idella amesimama kwenye jua, akajua miaka yake yote ya kungoja kivuko kirudi, akaiweka katika mistari miwili, ni wewe. Maneno yale ni ya kweli, dada. Jina la chini tu ndilo la uongo. Akitaka, fundi achonge maneno yaleyale Ijumaa na aandike Ovella Gaines. Asipotaka jina lako, jiwe likae bila jina la mwandishi. Na akikufukuza, chukua kofia yako uende nyumbani, usirudi mpaka akuite. Hiyo ni haki yake, wala hujaenda pale kutafuta nafuu yako.

Jumamosi simama useme, kwa kifupi, habari za mawe yale mengine. Usiguse hata moja. Wenye makaburi wataamua wenyewe, na nadhani wengi watafuta machozi na kuyaacha, kwa sababu wameyazoea na ni mazuri. Wala usimwogopee Bi Augusta. Vitabu vyake saba vitasimama bila ya mawe yenu, na wala hakukutuma uandike zaidi ya jina. Profesa ndiye ataaibika, na aibu kidogo haijawahi kumuua profesa. Nyumba ile itaendelea kupokea wageni, mtini utanukia, na yule farasi atabaki amelala kanisani, kwani hakuna mwingine aliyemsikia ila wewe. Siku moja mwandike huyo farasi. Kwa jina lako.

Naona utaniuliza: Buford, mbona unaamuru kwa urahisi hivyo, wewe uliyekaa na kitabu chako salama jikoni? Tena ulikaribia kuniuliza. Kwenye ile simu ulisema taratibu, "Ajabu. Walioandikiwa nawakumbuka wote, lakini sikumbuki kukuandikia wewe." Nikakujibu kwamba simu inakwaruza, sikusikii.

Simu ilikuwa safi kabisa. Nilifika barazani kwenu mara moja tu, nikanywa glasi mbili za chai, nikaona haya kukupa kitabu, nikaondoka nacho kitupu. Bi Augusta sikuwahi hata kumwona. Maneno yale ya kitabuni kwangu niliyaandika mwenyewe.